Vifaa vya kupitisha mpira wa kupumulia kwa mgonjwa aliyezuiwa shingo: istilahi na namna ya kuvilinganisha

Kupitisha mpira wa kupumulia ni kupeleka mrija laini kupitia kinywani, na mara chache kupitia puani, ukapita kati ya nyuzi za sauti na kuingia katika bomba la hewa, ili mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe, au aliyetiwa nusukaputi kwa ajili ya upasuaji, afikishiwe hewa mapafuni. Makala hii inaeleza istilahi zinazomkabili mtafsiri pale kitendo hicho kinapofanywa kwa mgonjwa ambaye shingo yake hairuhusiwi kusogea, na namna ya kuandika kwa Kiswahili matokeo ya tafiti zinazolinganisha vifaa vinavyotumika. Si mwongozo wa tiba, na mwandishi wake si tabibu. Ni mwalimu wa isimu ambaye ameombwa mara kadhaa kupitia tafsiri za aina hii, akajifunza mambo mengi kwa kuwasumbua madaktari wa usingizi kwa maswali.

Kilichonisukuma kuiandika ni sentensi moja. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa tafsiri ya kijitabu cha mafunzo kwa wauguzi, niipitie kabla haijapigwa chapa. Katika ukurasa unaomhusu mgonjwa anayeshukiwa kuvunjika shingo, niliisoma hii: *Msaidizi avute shingo ya mgonjwa iwe imenyooka.* Kisarufi haina dosari hata moja. Niliipitisha. Ni daktari mmoja, aliyesoma nakala hiyo baada yangu, aliyeipigia mstari mwekundu na kuniuliza kwa upole kama ninajua kwamba muuguzi atakayeitii sentensi hiyo anaweza kumpoozesha mtu.

Sentensi yenye makosa matatu

Kosa la kwanza ni *avute*. Mtafsiri hakulitoa kichwani mwake, kwani maandishi ya zamani ya Kiingereza yalikiita kitendo hiki kwa jina lenye maana ya kuvuta kwa kufuata mstari wa mwili. Baadaye wataalamu walitambua kwamba kuvuta kunaweza kuzitenganisha pingili zilizovunjika, wakaliacha neno hilo na kuchukua lingine lenye maana ya kushikilia kitu kisiyumbe. Kijitabu kipya kilikuwa kinatumia neno jipya. Mtafsiri alikuwa amesoma kitabu cha zamani, au alitumia orodha ya istilahi iliyotungwa kwa kukitegemea.

Kosa la pili ni *shingo*. Msaidizi hashiki shingo. Hushikilia kichwa, viganja vikiwa pande zote mbili, vidole vikikamata ule mfupa ulio nyuma ya sikio, huku kisogo kikiwa kimeegemezwa mikononi. Kiswahili kina neno *kisogo*, fupi na linalojulikana na kila mtu, na sioni sababu ya mtafsiri kuandika “sehemu ya nyuma ya fuvu la kichwa”.

Kosa la tatu ni *iwe imenyooka*, maneno yanayomwambia msomaji afanye kazi ya kunyoosha. Lengo ni kinyume cha kazi: ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea.

Sentensi niliyoafikiana na daktari yule ni ndefu zaidi, lakini nadhani inastahili urefu wake: *Msaidizi ashikilie kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili, kibaki katika mstari mmoja na kiwiliwili, bila kukivuta wala kukigeuza.* Angalia kwamba tumetumia *ashikilie*, si *ashike*. Mnyambuliko wa -shika, -shikia, -shikilia unaongeza maana ya kudumu na kutoachia, nayo ndiyo maana inayotakiwa kwa muda wote ambao mtu mwingine anahangaika na kinywa cha mgonjwa.

Kwa dhana pana ya kuifanya shingo isisogee, iwe kwa mikono, kwa kola au kwa mifuko ya mchanga kandoni mwa kichwa, nimekutana na *kufunga shingo*, *kuimarisha shingo*, *kugandisha shingo* na *kutuliza shingo*. La kwanza linaleta picha ya kamba. La pili linaahidi nguvu ambayo haitolewi. La tatu halijazoeleka. La nne lilinivutia kwa muda mrefu, kwa kuwa *kutulia* ndiko hasa kunakotakiwa, lakini wasomaji wengi hulifasiri kwa mazoea ya *dawa ya kutuliza maumivu*, wakadhani mgonjwa amekandwa shingo. Ninapendekeza kirai cha wazi, *kuzuia shingo isisogee*, na kwa mtu mwenyewe, *mgonjwa aliyezuiwa shingo*.

Sababu ya kuizuia nayo ina mtego wake wa kiistilahi. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au aliyerushwa na pikipiki huweza kuvunjika pingili za shingo. Kuvunjika kwa mfupa peke yake si ndiko kunakoogopwa zaidi. Kinachoogopwa ni ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili hizo. Kwa Kiswahili cha kila siku vyote viwili, mfupa na kamba, huitwa *uti wa mgongo*. Mtafsiri akiandika “uti wa mgongo umevunjika lakini uti wa mgongo haujaumia”, hajaandika kitu. Tumia *pingili za shingo* kwa mfupa na *ugwe wa mgongo* kwa kamba ya neva, na ukiona neno *ugwe* ni geni kwa wasomaji wako, lifafanue mara ya kwanza unapolitaja, kisha uendelee nalo.

Mpira, na kwa nini “kupitisha”

Hospitalini watu husema *mpira*: amewekewa mpira. Mirija mingi ya zamani ilikuwa ya mpira mwekundu kweli, lakini ya leo ni ya plastiki. Jina limebaki, na hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba *mpira* ni pia ule wa kutolea mkojo, na kwa hiyo kifungu *wa kupumulia* hakiachwi. Wala kisiandikwe *mpira wa kupumua*. Kauli ya kutendea ndiyo inayobeba maana ya chombo, kama katika *kisu cha kukatia*.

Kwa kitenzi, watumishi wa afya wenyewe husema *kuintubeti*, na katika mazungumzo yao hakuna anayepotea. Katika maandishi rasmi nimeona *kuingiza*, *kuweka* na *kupitisha*. *Kuweka* kunataja matokeo, na kunafaa pale unapozungumza na ndugu wa mgonjwa: “Baba amewekewa mpira wa kupumulia.” *Kuingiza* kunataja mwelekeo bila kutaja kizuizi. *Kupitisha* kunakumbusha kwamba kuna mlango mwembamba, na kwamba mtu anaweza kufika mlangoni, akauona wazi, na bado ashindwe kupita. Tutaona mbele kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha tafiti zote za kulinganisha vifaa hivi.

Koo lenye majina mengi

Sisi wa fonetiki tunajidai kwamba eneo hili ni letu. Ukweli ni kwamba tumelivuruga sawasawa na watu wengine. *Koo* ni jina la jumla, na halifai popote panapohitajika kutofautisha njia ya hewa na njia ya chakula. *Umio* ni njia ya chakula. Mpira ukiingia huko badala ya bomba la hewa, na wahudumu wasitambue mapema, mgonjwa hufa. Ndiyo maana hewa inayotoka hupimwa kabonidioksaidi ili kuthibitisha mahali mpira ulipo. *Koromeo* limetumika katika vitabu vyetu mara kwa uwazi ulio nyuma ya ulimi, mara kwa kile kisanduku cha gegedu chenye nyuzi za sauti. Ninashauri *koromeo* libaki kwa uwazi huo, na kisanduku kiitwe *zoloto*. Nafasi iliyo kati ya nyuzi za sauti ni *glota*.

Neno lenye madhara makubwa zaidi ni *kidakatonge*. Muundo wake unapendeza: kinachodaka tonge, kisilipeleke kusikotakiwa. Katika vitabu vya kisasa ni kile kifuniko cha gegedu kilicho juu ya zoloto. Lakini neno hilo hilo limetumika pia kwa kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kile ambacho mtoto akifungua mdomo mbele ya kioo hukiona, na ambacho wengine hukiita *kimio* au *kilimi*. Mtu anayetafsiri habari za riwaya ataokoka. Anayetafsiri habari za usingizi hataokoka, kwa sababu vipimo viwili maarufu vya fani hiyo vinategemea viungo hivi viwili tofauti.

Kipimo cha Mallampati, kilichoelezwa mwaka 1985, hufanywa mgonjwa akiwa macho: anafungua kinywa, anatoa ulimi, na daktari anaangalia kama kimio kinaonekana. Kipimo cha Cormack na Lehane, cha mwaka 1984, hufanywa kifaa kikiwa tayari kinywani. Daraja la 1, glota inaonekana yote au karibu yote. Daraja la 2, inaonekana sehemu yake. Daraja la 3, glota haionekani, kinaonekana kidakatonge tu. Daraja la 4, hata kidakatonge hakionekani. Sasa mpe sentensi ya daraja la 3 msomaji ambaye kwake *kidakatonge* ni kile kinyama cha kinywani. Ataelewa kwamba daktari ameishia kuona kitu ambacho angekiona bila kifaa chochote. Kwa hiyo *kidakatonge* liwe la kifuniko cha zoloto peke yake, na *kimio* la kile kinachoning'inia, na kamusi ndogo ya mwanzo wa matini iliseme jambo hilo waziwazi.

Kutoka kioo cha mwimbaji hadi kamera

Aliyefungua njia ya kulitazama zoloto la mtu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania aliyefundisha London, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua kuziangalia nyuzi zake mwenyewe za sauti. Mwaka uliofuata alizieleza habari hizo mbele ya Royal Society. Alitaka kujua sauti inatokaje, swali lile lile tunalowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1878 William Macewen wa Glasgow alipitisha mrija kupitia kinywani kwa ajili ya usingizi wa upasuaji, na mwaka 1895 Alfred Kirstein wa Berlin alilitazama zoloto moja kwa moja, bila kioo.

Kifaa kilichotokana na historia hiyo ni *laringoskopu*. Nimesoma pendekezo la kukiita *darubini ya koo*, na linaeleweka. Hata hivyo, *darubini* imekwisha kubebeshwa vifaa vingi mno hospitalini, na hapa tunahitaji jina litakalopokea sifa nyuma yake: laringoskopu ya Macintosh, laringoskopu ya video. Kina mpini unaoshikwa mkononi na kipande kirefu cha chuma kinachoingia kinywani kuuinua ulimi. Jina la kipande hicho kwa Kiingereza ndilo linalotumika kwa wembe na kwa upande wa kisu unaokata, na nimeona tafsiri mbili zilizoandika *wembe*. Fikiria fomu ya ridhaa inayomwambia mgonjwa kwamba wembe utaingizwa kooni mwake. Kiswahili kina *bapa*, upande mpana wa panga ambao haukati. *Bapa la laringoskopu* ni sahihi kwa umbo na kwa usalama pia.

Bapa lililonyooka lilielezwa na Robert Miller mwaka 1941. Lililopinda ni la Robert Macintosh wa Oxford, la mwaka 1943, na ndilo ambalo hadi leo vifaa vingine vyote hupimwa dhidi yake. Kwa kawaida anayelitumia humwekea mgonjwa mto chini ya kichwa na kukiinamisha kichwa nyuma kidogo, kidevu juu, kama mtu anayenusa harufu ya chakula kutoka jikoni, ili jicho lake lipate njia iliyonyooka kutoka menoni hadi glotani. Kwa mgonjwa aliyezuiwa shingo, mkao huo hauruhusiwi. Kola ngumu huongeza taabu, maana inakizuia kinywa kufunguka vya kutosha. Kwa hiyo sehemu yake ya mbele hufunguliwa wakati wa kazi na mikono ya msaidizi ikachukua nafasi yake. Hata mikono hiyo, ikifanya kazi yake vizuri, huufanya mwono uwe mbaya zaidi. Madaraja ya 3 ya Cormack na Lehane huongezeka.

Majibu ya wabunifu yamekwenda njia mbalimbali. Mwaka 1993 lilitolewa bapa la McCoy, ambalo ncha yake huinuka kwa kubonyeza wenzo kwenye mpini, likakiinua kidakatonge bila kuisumbua shingo sana. La zamani zaidi, na la bei ndogo, ni kile kijiti chembamba kinachopindika ambacho hutangulizwa chini ya kidakatonge pale glota isipoonekana, kisha mpira ukatelezeshwa juu yake. Macintosh alikieleza mwaka 1949. Jina lake kwa Kiingereza limechukuliwa kutoka Kifaransa, ambako maana yake ni mshumaa, nalo Wafaransa walilitoa kwenye jina la mji wa Béjaïa, Algeria, ulikotoka nta. Mtafsiri mmoja alifuata kamusi akaandika *mshumaa*. Ninapendekeza *ufito wa kuongozea*, na wingi wake *fito za kuongozea*. Ufito ni mwembamba, unapindika bila kuvunjika, na kila aliyeona nyumba ya udongo ikijengwa anaujua.

Kisha ikaja kamera. *Laringoskopu ya video* ina kamera karibu na ncha ya bapa, na picha inaonekana kwenye kioo kidogo, kwa hiyo jicho halihitaji njia iliyonyooka. GlideScope, iliyobuniwa na daktari mpasuaji wa Kanada, John Pacey, na kuanza kuuzwa mwaka 2001, ina bapa lililopinda kwa takriban nyuzi 60, linaloona nyuma ya kona. C-MAC ina bapa la aina hiyo liitwalo D-Blade. McGrath ina kioo chake kwenye mpini. Airtraq ni jamaa wa mbali kidogo: picha yake huletwa na prizimu na vioo hadi kwenye tundu la kuchungulia, na pembeni mwa bapa kuna mfereji unaoubeba mpira na kuuelekeza. King Vision na Pentax AWS ya Japani nazo zina mfereji. *Mfereji* hapa ni neno zuri, mradi msomaji asipeleke mawazo yake kwenye bomba la maji la mtaani.

Tofauti ya vifaa vyenye mfereji na visivyo nao inastahili kuelezwa vizuri katika tafsiri, kwa sababu inaeleza matokeo mengi. Kifaa kisicho na mfereji na chenye bapa lililopinda sana hukuonyesha glota vizuri kabisa, lakini mpira lazima uipinde kona ile ile ambayo jicho limeikwepa. Hupewa waya mgumu ndani yake ili ushike umbo. Mara nyingine hugonga ukuta wa mbele wa bomba la hewa na kukataa kushuka, huku mtendaji akiitazama glota kwenye kioo, wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa.

Bomba laini lenye kamera linaloongozwa kupitia puani au kinywani, na barakoa ya zoloto iliyobuniwa na Archie Brain mwaka 1981, ni familia nyingine, na sitazigusa hapa zaidi ya kusema kwamba *barakoa* inafaa kuliko *kinyago*.

Kinashinda kwa lipi?

Kiswahili kina njia mbili kubwa za kulinganisha. Moja hutumia *kuliko*: kifaa hiki ni bora kuliko kile. Nyingine hutumia vitenzi vya kuzidi: *kushinda*, *kuzidi*, *kupita*. Njia ya pili ina tabia ambayo watafsiri hawaitumii vya kutosha. Ukisema “Asha anamshinda Rehema”, mtu atakuuliza: kwa lipi? Kitenzi kinadai kijazwe: kwa urefu, kwa mbio, kwa hesabu. *Bora kuliko* hakidai chochote. Kinaweza kusimama peke yake na kuonekana kimemaliza habari.

Katika tafiti za vifaa hivi, jibu la “kwa lipi” hubadilisha kila kitu. Vipimo vinavyotumika mara nyingi ni vinne: glota ilionekana kwa daraja gani, mpira ulipita kwa jaribio la kwanza au la, ilichukua sekunde ngapi, na kama meno, midomo au koo viliumia. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyochapishwa katika British Journal of Anaesthesia yalikusanya majaribio 24 yenye wagonjwa 1,866 waliozuiwa shingo, yakavilinganisha vifaa mbalimbali na laringoskopu ya Macintosh. Airtraq iliishinda Macintosh kwa mwono, kwa kupita kwa jaribio la kwanza, kwa muda na kwa uchache wa majeraha ya kinywa na koo. Vifaa vingine vilivyochambuliwa kimoja kimoja, GlideScope ikiwa mojawapo, viliishinda Macintosh kwa mwono. Kwa kushindwa kupitisha mpira na kwa muda, tofauti haikuthibitika kitakwimu.

Muhtasari mmoja wa Kiswahili niliousoma uliyaeleza mapitio hayo hivi: *Laringoskopu za video ni bora kuliko za kawaida kwa majeruhi wa shingo.* Kila neno kuu la sentensi hiyo lina kasoro. *Bora* limezika vipimo vinne katika kaburi moja. Airtraq, iliyofanya vizuri zaidi, imeingizwa kundini bila kutajwa, na vifaa ambavyo ushahidi wake uliishia kwenye mwono vimepewa sifa zake. Na *majeruhi wa shingo* si waliokuwemo katika sehemu kubwa ya majaribio ya aina hii. Kwa kawaida hushirikishwa watu waliokuja kwa upasuaji uliopangwa, shingo zao zikiwa nzima, wakavalishwa kola au wakashikiliwa kichwa baada ya kupewa usingizi ili ugumu uigizwe. Hawana damu kinywani wala matapishi, nao hawakuletwa saa nane za usiku. *Mgonjwa aliyezuiwa shingo* na *mgonjwa aliyeumia shingo* ni watu wawili, na tafsiri isiwaunganishe.

Mwaka huo huo wa 2016, jarida hilo hilo lilichapisha jaribio la Uswisi lenye wagonjwa 720, wote wakiwa wamevalishwa kola, waliogawanywa kwa vifaa sita vya kisasa. Mpira ulipita kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 98 ya waliotumiwa McGrath, 95 kwa C-MAC D-Blade, 87 kwa King Vision, 85 kwa GlideScope na 85 kwa Airtraq. Kifaa cha sita, A.P. Advance, kilifikia asilimia 37 tu. Mwanafunzi wangu mmoja alipozisoma taarifa hizi mbili kwa mfululizo alisema zinapingana: ya kwanza inaipandisha Airtraq, ya pili inaishusha. Hazipingani. Ya kwanza iliuliza kama Airtraq inaishinda Macintosh. Ya pili ililinganisha vifaa sita vyenyewe kwa vyenyewe, na Macintosh haikuwamo. Sentensi ya Kiswahili isiyotaja kilicho upande wa pili wa *kuliko* ndiyo inayozigombanisha.

Kuhusu *tofauti haikuthibitika*: kirai hiki ni kirefu, na wahariri hupenda kukikata kiwe *hakuna tofauti* au, vibaya zaidi, *vinalingana*. Utafiti ukishindwa kuthibitisha tofauti, huenda ni kwa sababu haipo, na huenda ni kwa sababu washiriki walikuwa wachache. *Vinalingana* ni dai jipya ambalo watafiti hawakulitoa. Kinyume chake pia hutokea: tofauti ya sekunde chache inaweza kuthibitika kitakwimu bila kuwa na uzito kwa mgonjwa. Kwa hali hiyo andika *tofauti imethibitika, ila ni ndogo*, na taja sekunde zenyewe.

Mtafsiri afikirie pia msomaji wake. Mahali ambapo kuna laringoskopu ya Macintosh na ufito wa kuongozea tu, sentensi inayotangaza ubora wa kamera haina kazi nyingi, ilhali ile inayosema wazi kwamba kola ifunguliwe mbele na kichwa kishikiliwe bila kuvutwa itatumika jioni ile ile.

Ngeli na tahajia

*Laringoskopu* huingia ngeli ya I-/ZI-: laringoskopu hii, laringoskopu hizi. *Bapa* ni LI-/YA-: bapa lililopinda, mabapa yaliyonyooka. *Ufito* ni U-/ZI-, na umoja wake usiandikwe *fito*. *Kola* ni I-/ZI-: kola ngumu, sehemu ya mbele ya kola. *Kidakatonge* huandikwa neno moja, wingi *vidakatonge*. Majina ya kibiashara na ya watu yabaki katika tahajia yake ya asili bila kuongezewa irabu, na upatanisho wake ufuate neno kuu hata pale ambapo limeachwa: *Airtraq iliishinda*, kwa kuwa ni *laringoskopu ya Airtraq*. Kwa kupotoka kwa shingo kutoka mstari wa mwili andika *mpindo*, ukiacha *kona* kwa ajili ya njia ambayo mpira hupita kinywani, na katika fomu ya ridhaa ya mgonjwa epuka maneno yote mawili.